Stadi ya uandishi chuoni: Safari ya kutoka insha ya KCSE hadi tasnifu

KUANDIKA ni mojawapo ya stadi nne za lugha, nyingine zikiwa kusikiliza, kuzungumza na kusoma. Miongoni mwa stadi hizo, kuandika ndiko huchelewa kukomaa, na ndiko humpima mwanafunzi wa chuo kikuu kuliko stadi nyingine yoyote. Mwanachuo anaweza kuhudhuria mihadhara yote, akaelewa kila nadharia iliyofundishwa na kuijadili vyema na wenzake bwenini. Hata hivyo, iwapo hawezi kuyaweka anayoyajua katika maandishi yanayoeleweka, alama zake hazitaonyesha ujuzi wake.

Katika vyuo vikuu vingi nchini Kenya, takriban asilimia 30 ya alama za kozi hutokana na tathmini ya muhula, na asilimia 70 hutokana na mtihani wa mwisho. Katika masomo ya lugha, fasihi, historia, elimu na sayansi za jamii, sehemu hizo zote mbili hutegemea maandishi marefu. Baadaye huja mradi wa utafiti, na kwa wale wanaoendelea na shahada ya uzamili au ya uzamifu, huja tasnifu. Wako wanafunzi wanaokamilisha kozi za darasani kwa wakati, kisha tasnifu ikawakwamisha kwa miaka kadhaa huku karo ikiendelea kudaiwa na nafasi za kazi zikiwapita.

Kwa hivyo, suala la uandishi si suala la mapambo ya lugha. Linahusu muda, fedha na mustakabali wa msomi. Makala haya yanafafanua tofauti iliyopo kati ya uandishi wa shule na ule wa chuo, hatua za kufuata katika kuandaa insha ya kitaaluma, makosa yanayojirudia, na njia za kuinoa stadi hii siku baada ya siku. Mifano imetolewa kwa wanaoandika kwa Kiswahili, ingawa kanuni nyingi zinamfaa pia anayeandika kwa Kiingereza.

Maana ya insha

Neno ‘insha’ lina asili ya Kiarabu na linahusiana na dhana ya kuanzisha au kuunda jambo. Katika Kifaransa, neno linalokaribiana nalo lina maana ya jaribio. Michel de Montaigne ndiye aliyelipa umaarufu alipochapisha maandishi yake mwaka wa 1580, akiyaita majaribio kwa kuwa alikuwa akiyapima mawazo yake mwenyewe kwa kuyaandika. Katika fasihi ya Kiswahili, Shaaban Robert (1909-1962) aliipa insha hadhi ya utanzu kamili, na mwaka wa 1954 kitabu chake Kielezo cha Insha kilichapishwa.

Asili hizi mbili zina funzo moja. Insha ni kitu kinachoundwa, wala si rundo la mambo yaliyokusanywa. Aidha, ni jaribio la kulitatua swali fulani mbele ya msomaji. Mwanafunzi anayeielewa insha hivyo hataridhika kujaza kurasa tu. Atajiuliza kila mara: maandishi haya yanajaribu kuthibitisha nini?

Kwa nini mbinu za shule hazitoshi

Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiswahili, yaani 102/1, humtaka mtahiniwa aandike insha mbili kwa muda wa saa moja na dakika 45. Insha ya kwanza ni ya lazima na aghalabu huwa ya kiuamilifu, kama vile barua, hotuba, ripoti au kumbukumbu. Ya pili huteuliwa kutoka maswali matatu yaliyosalia. Kila insha hutuzwa alama 20, na urefu unaotarajiwa ni kama maneno 400.

Mazingira hayo huzaa mazoea mahususi. Mwanafunzi hukariri methali, misemo na tamathali, kisha huzitawanya katika insha ili kumvutia mtahini. Huanza kwa sentensi ndefu kuhusu tangu jadi na jadi, akafuatisha nahau mbili tatu, na kufunga kwa methali. Kwa kuwa haruhusiwi kuingia na kitabu, hatarajiwi kutaja chanzo chochote. Kwa kiwango hicho cha elimu, mazoea hayo yana faida yake, kwani hupanua msamiati na kumfunza mwanafunzi kujieleza kwa haraka.

Chuoni hali hubadilika. Insha ya muhula huweza kuwa na maneno 2,000 au zaidi, na huandikwa kwa wiki kadhaa. Mhadhiri hatafuti tena wingi wa misemo, bali hoja. Hataki kuambiwa kuwa Kiswahili ni lugha tukufu. Anataka kuonyeshwa ni kipi kilichokikuza, lini, kwa njia gani na kwa ushahidi upi. Mwanafunzi anayeandika chuoni jinsi alivyoandika katika Kidato cha Nne hushangaa kupata alama ya wastani, ilhali shuleni alikuwa bingwa wa insha. Hajasahau kuandika. Alichokosa ni kutambua kwamba utanzu umebadilika.

Kulielewa swali

Hatua ya kwanza ni kulichambua swali kabla ya kushika kalamu. Maswali mengi ya chuoni hujengwa kwa kitenzi kinachotoa amri, na kila amri ina matakwa yake.

‘Eleza’ humtaka mwanafunzi aweke wazi maana au mchakato wa jambo. ‘Fafanua’ humtaka aende hatua moja mbele kwa kutoa mifano. ‘Linganisha’ huhitaji kufanana na kutofautiana kuonyeshwa bega kwa bega, wala si kukieleza kitu cha kwanza hadi mwisho na kisha kukieleza cha pili. ‘Jadili’ huhitaji pande zaidi ya moja za suala. ‘Changanua’ hutaka kitu kivunjwe katika sehemu zake na uhusiano wa sehemu hizo uonyeshwe. ‘Tathmini’ huhitaji uamuzi: je, jambo hilo lina uzito kiasi gani, na kwa nini?

Tuseme swali ni hili: ‘Tathmini mchango wa sera za serikali katika ukuaji wa Kiswahili nchini Kenya tangu mwaka wa 1963.’ Mwanafunzi mwepesi wa kuandika atasimulia historia yote ya Kiswahili, akianzia biashara ya pwani na misafara. Swali halikuuliza hayo. Limeweka mipaka mitatu: sera za serikali, nchi ya Kenya, na kipindi cha baada ya 1963. Juu ya mipaka hiyo, limedai uamuzi. Jibu linalosimulia pasi na kuamua huwa limejibu nusu ya swali, hata likiwa na kurasa 20.

Kusoma kwa kusudi

Hakuna anayeandika vyema kuhusu jambo asilolisoma. Hata hivyo, kusoma kwingi bila mpango humchosha mwanafunzi na kumwacha na daftari lililojaa sentensi za watu wengine.

Mwandishi makini hugawa ukurasa wa daftari lake katika sehemu mbili. Upande mmoja huandika alichokisema mwandishi wa kitabu, pamoja na jina lake, mwaka na nambari ya ukurasa. Upande wa pili huandika maoni yake mwenyewe: anakubaliana na nini, anatilia shaka nini, na jambo hilo linahusiana vipi na swali alilopewa. Maneno yaliyonukuliwa yalivyo huyatia alama za mtajo papo hapo. Mgawanyo huo humwokoa baadaye, kwa kuwa wengi wanaoshutumiwa kuiba maandishi hawakukusudia kuiba. Walinakili sentensi kwenye daftari bila alama, na wiki tatu baadaye wakaamini kuwa ni zao.

Dai kuu na mpangilio

Baada ya kusoma, mwanafunzi anapaswa kuweza kulijibu swali kwa sentensi moja au mbili. Sentensi hiyo ndiyo dai kuu la insha. Kwa swali lililotajwa hapo juu, dai linaweza kuwa hivi: ‘Sera iliyokikuza Kiswahili zaidi nchini Kenya ni ile iliyokifanya kuwa somo la lazima la kutahiniwa, kwa sababu ilimfikia kila mtoto wa shule, ilhali matamko ya kisiasa yaliwagusa watu wachache.’

Dai la aina hii linaweza kupingwa, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Dai lisiloweza kupingwa na yeyote, kama vile ‘Kiswahili ni muhimu’, halina cha kuthibitisha. Dai kuu likishapatikana, mpangilio huanza kujitokeza wenyewe. Mwandishi huorodhesha hoja nne au tano zinazoliunga mkono, huzipanga kwa utaratibu unaoeleweka, na huitengea nafasi hoja kinzani iliyo na nguvu kuliko nyingine zote.

Utangulizi hulitambulisha suala, hueleza mipaka yake na kulitaja dai. Mwili huzithibitisha hoja. Hitimisho huonyesha kile ambacho mjadala umefikia. Hitimisho halipaswi kurudia utangulizi neno kwa neno, wala si mahali pa kuzulia hoja mpya. Waandishi wengi wenye tajriba huuandika utangulizi mwishoni, kwa kuwa ni vigumu kumkaribisha mgeni katika nyumba ambayo haijajengwa.

Ujenzi wa aya

Aya ndiyo tofali la insha. Kila aya hubeba wazo moja. Tofauti kati ya aya dhaifu na aya imara huonekana wazi zikiwekwa pamoja. Hii hapa ni aya ya aina ambayo wahadhiri hukumbana nayo mara kwa mara:

‘Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Kiswahili ni lugha yenye thamani kama lulu na kila Mkenya anakionea fahari. Serikali imefanya mambo mengi sana kukikuza na bado inaendelea. Kwa kweli Kiswahili kimetoka mbali na kitazidi kung’aa kama mbalamwezi.’

Aya hii haina kosa kubwa la kisarufi, lakini haimwambii msomaji lolote. Haitaji sera, mwaka wala tokeo. Aya ifuatayo inashughulikia suala lilo hilo:

‘Mtaala wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka wa 1985 ulikikuza Kiswahili kuliko tamko la 1974 lililokifanya lugha ya Bunge. Tamko hilo liliwagusa wabunge moja kwa moja, na hata baada yake miswada ya sheria iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mtaala, kwa upande wake, ulilifanya somo la Kiswahili kuwa la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Kila mtoto aliyetaka kuendelea na masomo alilazimika kujifunza, na kwa sababu hiyo kukahitajika walimu, vitabu na idara za kuwaandaa walimu hao. Ni kweli kwamba tamko la 1974 liliipa lugha hadhi machoni pa umma. Hata hivyo, hadhi bila mafunzo haikuweza kuzalisha wasemaji na waandishi wapya.’

Aya hii ya pili imejengwa kwa hatua. Sentensi ya kwanza inalitaja wazo la aya. Zinazofuata zinatoa ushahidi na kulinganisha. Kisha inakuja sentensi inayoeleza uhusiano wa chanzo na tokeo. Baadaye mwandishi anakubali ukweli wa upande wa pili, na katika sentensi ya mwisho anaonyesha kwa nini dai lake bado linasimama. Msomaji anaweza kutokubaliana naye, lakini anajua ni nini hasa hakubaliani nacho.

Viunganishi hustahili uangalifu maalum. Maneno kama ‘aidha’, ‘isitoshe’, ‘fauka ya hayo’ na ‘hali kadhalika’ huongeza hoja. ‘Hata hivyo’, ‘ilhali’ na ‘ijapokuwa’ huonyesha ukinzani. ‘Kwa hivyo’ na ‘kutokana na hayo’ huonyesha tokeo. Mwanafunzi anayeanza kila aya kwa ‘fauka ya hayo’ hajaunganisha mawazo, bali ameyapanga foleni. Kiunganishi hakiwezi kuleta uhusiano ambao haumo katika mawazo yenyewe.

Makosa ya lugha yanayojirudia

Hoja nzuri huweza kudhoofishwa na makosa ambayo mwandishi ameyazoea kiasi cha kutoyaona. Miongoni mwayo ni haya yafuatayo.

1. Kuvunja upatanisho wa kisarufi. Lugha ya mitaani huruhusu ‘hii kitabu imeeleza’. Katika maandishi rasmi ni ‘kitabu hiki kimeeleza’. Vilevile ‘vitu ingine’ ni ‘vitu vingine’, na ‘mtu yoyote’ ni ‘mtu yeyote’.

2. Matumizi ya ‘-ko na’ mahali pa ‘-na’. ‘Mwandishi ako na maoni tofauti’ inapaswa kuwa ‘Mwandishi ana maoni tofauti’.

3. Matumizi ya ‘wenye’ kama kirejeshi. ‘Wahusika wenye wanaishi mjini’ inapaswa kuwa ‘wahusika wanaoishi mjini’ au ‘wahusika ambao wanaishi mjini’.

4. Kurudia kirejeshi. ‘Riwaya ambayo iliyochapishwa’ ina virejeshi viwili. Mwandishi achague ‘riwaya ambayo ilichapishwa’ au ‘riwaya iliyochapishwa’.

5. Kuchanganya sauti. ‘Thibitisha’ ni kuonyesha kuwa jambo ni la kweli, ilhali ‘dhibiti’ ni kulitia jambo chini ya mamlaka. Ni ‘thamani’ wala si ‘dhamani’, na ni ‘tathmini’ wala si ‘tadhmini’.

6. Kutenganisha au kuunganisha maneno isivyofaa. Ni ‘anasoma’, si ‘ana soma’. Ni ‘kwa sababu’, si ‘kwasababu’.

7. Tafsiri sisisi kutoka Kiingereza. Mkutano ‘hauchukui nafasi’ mjini Nakuru, bali hufanyika. Katika Kiswahili, kuchukua nafasi ni kukaa mahali pa mwingine. Mwalimu ‘hachezi jukumu’, bali hulitekeleza.

Suala jingine ni uteuzi wa istilahi. Kiswahili sanifu kilianza kuratibiwa rasmi mwaka wa 1930 na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, kikiegemezwa kwenye lahaja ya Kiunguja. Hata hivyo, Kenya na Tanzania zimetofautiana katika baadhi ya istilahi. Mkenya huandika ‘shule ya upili’ na ‘tarakilishi’, naye Mtanzania huandika ‘shule ya sekondari’ na ‘kompyuta’. Kile ambacho baadhi ya waandishi hukiita ‘akili unde’, wengine hukiita ‘akili mnemba’. Hakuna dhambi katika kuchagua upande wowote. Kosa ni kutumia istilahi moja katika ukurasa wa pili na nyingine katika ukurasa wa tano, msomaji akadhani ni vitu viwili.

Kamusi ni chombo cha lazima mezani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka wa 1981, nayo Kamusi Kuu ya Kiswahili ikachapishwa mwaka wa 2015. Kwa wanafunzi wa fasihi, Kamusi ya Fasihi ya K. W. Wamitila, iliyotoka mwaka wa 2003, hueleza istilahi na nadharia kwa lugha inayoweza kufuatwa. Mwanafunzi asione haya kufungua kamusi kulitafuta neno analodhani analijua. Mara nyingi maneno ya aina hiyo ndiyo humwangusha.

Kurejelea vyanzo

Katika taaluma, wazo lina mwenyewe. Kulitumia bila kumtaja mwenyewe ni wizi wa kitaaluma, na adhabu yake huweza kuwa kufutiwa alama, kusimamishwa masomo au hata kupokonywa shahada baada ya kufuzu.

Mifumo ya kurejelea ni mingi, na kila idara huteua wake. Katika mfumo wa APA, ambao toleo lake la saba lilitolewa mwaka wa 2019, mwandishi hutaja jina la ukoo na mwaka ndani ya matini, kwa mfano: Wamitila (2003). Akinukuu maneno yalivyo, huongeza nambari ya ukurasa. Nukuu yenye maneno 40 au zaidi hujitenga katika aya yake bila alama za mtajo. Katika mfumo wa MLA, kinachotajwa ndani ya matini ni jina na ukurasa. Muhimu ni kushika mfumo mmoja na kuufuata hadi mwisho.

Majina ya waandishi wa Afrika Mashariki huhitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa si yote yana jina la ukoo kwa utaratibu wa Ulaya. Shaaban Robert, kwa mfano, huorodheshwa na baadhi ya watafiti chini ya ‘Robert’ na wengine chini ya ‘Shaaban’. Mwanafunzi amuulize msimamizi wake idara inapendelea utaratibu upi, kisha asiubadilishe.

Kueleza wazo kwa maneno mengine si kubadilisha neno moja moja kwa kutumia visawe. Mwanafunzi akisome kifungu, akifunge kitabu, akieleze alichokielewa kwa lugha yake, kisha alinganishe na matini asilia. Na hata baada ya kufanya hivyo, chanzo bado hutajwa.

Soko la insha na akili unde

Kishawishi kikubwa kinachomkabili mwanachuo wa leo ni kumwachia mwingine kazi ya kuandika. Kenya inalifahamu soko hili kutoka upande wa pili. Mwaka wa 2019 gazeti la New York Times la Marekani lilieleza jinsi vijana nchini Kenya walivyokuwa wakilipwa kuandika insha za wanafunzi wa ng’ambo. Mwaka wa 2024 filamu ya hali halisi iitwayo The Shadow Scholars, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, iliangazia maisha ya waandishi hao. Australia ilipitisha sheria dhidi ya biashara hiyo mwaka wa 2020, na nchini Uingereza sheria ya mwaka wa 2022 ililifanya kuwa kosa la jinai kutoa huduma hizo kwa malipo kwa wanafunzi wa vyuo vya England.

Lipo jambo la kutafakari hapa. Kijana wa Nairobi aliyeweza kuandika usiku mmoja insha kuhusu uuguzi na usiku uliofuata insha kuhusu falsafa alithibitisha kwamba stadi ya uandishi hujengwa kwa mazoezi ya kila siku. Hakuzaliwa nayo. Wakati huohuo, mwanafunzi aliyemlipa alinunua alama na kuikosa stadi yenyewe, naye kijana aliyeandika alibaki na stadi isiyo na jina lake mahali popote. Wote wawili walipoteza kitu ambacho fedha hazikuweza kukirudisha.

Tangu programu ya ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mnamo Novemba 2022, kishawishi hicho kimekuwa karibu zaidi na cha bei nafuu. Programu za akili unde zina manufaa: zinaweza kumsaidia mwanafunzi kupata maswali ya kujiuliza, kukagua tahajia au kuelezewa dhana ngumu. Hata hivyo, zinaweza kubuni vitabu na makala yasiyokuwepo na kuyataja kwa ujasiri mkubwa. Mnamo Juni 2023, jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi za kubuni zilizotolewa na programu hiyo. Ikiwa mawakili waliponzwa hivyo, mwanafunzi anayenakili marejeleo bila kuyathibitisha yuko hatarini zaidi.

Kwa mwandishi wa Kiswahili, kuna tahadhari ya ziada. Programu hizi zimefunzwa kwa matini nyingi zaidi za Kiingereza, na mara nyingi Kiswahili chake hubeba muundo wa sentensi za Kiingereza. Mwanafunzi asiye na umilisi wa kutosha hatayaona makosa hayo, naye mhadhiri atayaona katika aya ya kwanza. Kanuni salama ni kufuata mwongozo wa chuo, kutangaza msaada uliotumika pale inapotakikana, na kutowasilisha sentensi ambayo mwandishi mwenyewe hawezi kuieleza wala kuitetea mbele ya msimamizi wake.

Kuhariri na mazoea ya kila siku

Rasimu ya kwanza si kazi iliyokamilika. Mwanafunzi anayemaliza kuandika saa nne usiku na kuwasilisha saa mbili asubuhi amejinyima hatua yenye faida kubwa, yaani kuhariri. Inafaa kuiacha rasimu kwa siku moja au mbili, kisha kuisoma kwa macho mapya.

Kuhariri hufanywa kwa awamu. Awamu ya kwanza huangalia hoja: je, kila aya inalitumikia dai kuu? Aya isiyolitumikia huondolewa hata kama ilimgharimu mwandishi usiku mzima. Awamu ya pili huangalia mpangilio na miunganiko. Awamu ya tatu ndiyo huangalia sarufi, tahajia na alama za uakifishaji. Anayeanza na tahajia hupoteza muda kusahihisha sentensi ambazo baadaye atazifuta.

Kusoma kwa sauti husaidia sana. Sikio hugundua sentensi inayokata pumzi, neno lililorudiwa na upatanisho uliovunjika kabla ya jicho kuyagundua. Vilevile, wanafunzi wawili au watatu wanaweza kubadilishana rasimu. Anayesoma kazi ya mwenzake asiandike tu ‘nzuri’ au ‘mbaya’. Aseme ni wapi alipopotea, ni dai gani lililokosa ushahidi, na anadhani insha inathibitisha nini. Jibu lake la mwisho likitofautiana na nia ya mwandishi, basi insha bado haijawa tayari.

Maoni ya mhadhiri nayo ni hazina inayotupwa na wengi. Insha inaporudishwa, wanafunzi wengi huangalia alama na kuifungia mkobani. Anayetaka kuimarika huyanakili maoni hayo katika daftari moja, muhula baada ya muhula. Baada ya insha tatu au nne ataona makosa yale yale yakijirudia, na kuanzia hapo atajua anachopaswa kufanyia kazi. Vyuo vikuu vingi nchini pia hufundisha kozi ya stadi za mawasiliano katika mwaka wa kwanza. Wanafunzi wengi huichukulia kama kozi ya kupita tu, ilhali humo ndimo misingi ya kuandika na kurejelea hufundishwa.

Hatimaye, anayetaka kuandika vyema sharti aandike mara kwa mara na asome mara kwa mara. Kurasa mbili za riwaya au makala ya gazeti kila siku humpa mwanafunzi mwendo wa sentensi za Kiswahili ambao haupatikani katika orodha ya misemo. Aya moja kwa siku, hata ikiwa ni muhtasari wa mhadhara wa asubuhi, huizoesha akili kupanga mawazo. Mwisho wa muhula wa majuma 14, mwanafunzi huyo atakuwa ameandika karibu aya 100. Atakapofika kwenye tasnifu, hatakuwa akijifunza kuandika na kujifunza kutafiti kwa wakati mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha mwandishi hujazwa aya kwa aya.